Homa ya ini B: nisubiri sindano mpya au nianze vidonge?

Swali: Habari za kazi, daktari. Nina miaka 34, nimeoa, naishi Dodoma. Mwaka jana nilikwenda kuchangia damu nikaambiwa nina homa ya ini aina B. Kliniki walinipima wakasema ini liko sawa, niwe narudi kila baada ya miezi sita. Majibu ya mwisho: vimeng'enya vya ini ALT 41 (fomu inasema kawaida ni hadi 45), AST 38 (hadi 40), chembe sahani (za kugandisha damu) 172, wingi wa virusi 4,800. Ya miezi sita nyuma yalikuwa karibu hayo hayo. Nasikia kuna sindano inayomaliza kabisa kirusi hiki. Niisubiri?

Jibu: Nzuri, ndugu yangu. Usiisubiri. Chukua fomu hizo zote mbili urudi kliniki ukaulize kuhusu vidonge, maana kwa mwongozo wa sasa namba zako ni za mtu anayestahili dawa.

Waliokwambia usubiri walifuata vigezo vilivyotumika kwa miaka mingi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2015 ulimtaka mtu wa umri wako, kama ini halijasinyaa, awe na virusi zaidi ya 20,000 kwa mililita na ALT, ambayo hupanda kwenye damu ini linapoumia, iliyobaki juu. Machi 2024 shirika hilo lilishusha kiwango hadi 2,000, mradi ALT iwe imepanda. Na ALT ya mwanamume inahesabiwa imepanda ikizidi 30, ya mwanamke ikizidi 19, hata kama fomu ya maabara imeandika 45. Kwa hiyo 41 yako, iliyojirudia mara mbili, si ya kupuuzwa.

Kuna hesabu nyingine unayoweza kuifanya mwenyewe, inaitwa APRI. Gawanya AST yako, 38, kwa kikomo cha juu cha maabara, 40, unapata 0.95. Zidisha kwa 100, kisha gawanya kwa chembe sahani, 172. Jibu ni 0.55. Mwongozo mpya unasema ikizidi 0.5 huenda makovu yameshaanza kwenye ini. Zamani tulisubiri ivuke 2. Hesabu hii pekee haithibitishi kwamba una makovu. Ukipata kipimo cha fibroskani, kinachopima ugumu wa ini bila kukuchoma sindano, pima. Zaidi ya kilopaskali 7 ni dalili ya makovu yanayohitaji dawa.

Sasa sindano. Nadhani unayoisikia ni bepirovirsen, na ni utafiti wa kweli. Matokeo ya jaribio la awamu ya pili yalichapishwa 2022: watu 457, na waliopewa dozi kubwa walichomwa kila wiki kwa wiki 24. Miezi sita baada ya kumaliza, takriban 9 hadi 10 kati ya kila 100 wa kundi hilo hawakuonekana tena na virusi wala ile protini ya uso, HBsAg, iliyoandikwa kwenye fomu yako. Waliofanikiwa zaidi ni wale walioanza na protini hiyo ikiwa kidogo. Mimi nafurahia sana matokeo hayo, kwa sababu kirusi hiki huficha nakala ya vinasaba vyake ndani ya kiini cha seli ya ini, na vidonge vyetu haviifikii. Lakini wengi hawakupona. Tena majaribio makubwa ya awamu ya tatu yaliandikisha watu ambao tayari wanakunywa vidonge kila siku. Kuanza vidonge, basi, hakukufungii mlango wa sindano.

Kidonge chenyewe kwa kawaida ni tenofovir, kimoja kwa siku, kwa miaka mingi. Kinazuia virusi kuzaana na kinapunguza hatari ya ini kusinyaa na ya saratani ya ini. Kabla ya kuanza pima VVU, maana tenofovir peke yake kwa mwenye VVU inazalisha usugu, na pima figo pia. Ukishaanza, usiache kiholela eti unajisikia vizuri: virusi hulipuka upya na ini linaweza kushindwa kazi ghafla.

Pombe iache. Na kwa kuwa uko Dodoma, angalia mahindi na karanga zenye ukungu. Mkoa wenu na Manyara walipoteza watu kwa sumukuvu mwaka 2016, na sumu hiyo ikikutana na homa ya ini B hatari ya saratani huongezeka maradufu na zaidi.

Mkeo apimwe wiki hii kama bado. Asipokuwa nayo, na hana kinga, achanjwe dozi tatu, na mtumie kondomu mpaka amalize. Akikutwa nayo na ana ujauzito, awaambie kliniki mapema: kuna dawa anayoweza kupewa yeye, na mtoto achanjwe ndani ya saa 24 za kuzaliwa.