Dini Moja, Mbona Nchi Ilipasuka?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Kijiweni kwetu mzee mmoja anasema nchi iliyosimama juu ya Uislamu haiwezi kuwa na ukabila, na kwamba Wabengali waliivunja Pakistani kwa sababu walirubuniwa na India. Jirani yetu mwenye asili ya Kibulushi alinyamaza, kisha akanyanyuka na kuondoka. Ukweli uko wapi?
Msomaji, Isevya, Tabora

JIBU: Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili hapa barazani Ujiji, na aliyenigusa zaidi ni huyo jirani aliyeondoka.

India ilikuwa na mkono wake, silikatai. Iliwapa wapiganaji wa Kibengali silaha na mafunzo, na Desemba 1971 jeshi lake likaingia vitani waziwazi. Lakini moto iliukuta unawaka. Pakistani ilizaliwa 1947 ikiwa vipande viwili vilivyotenganishwa na India, kilomita zipatazo 1,600. Zaidi ya nusu ya raia walikuwa mashariki, na lugha yao Kibengali. Machi 1948 Muhammad Ali Jinnah, mwasisi wa Pakistani, alikwenda Dhaka, mji mkuu wa upande wa mashariki, akawaambia lugha ya taifa itakuwa Kiurdu, basi. Tarehe 21 Februari 1952 wanafunzi walioandamana kutetea lugha yao wakapigwa risasi na polisi. Katiba ya 1956, ile ile iliyoiita nchi Jamhuri ya Kiislamu, ilikikubali Kibengali. Ilikuwa kheri, ila waliokufa walikuwa wamekwisha kuzikwa.

Halafu kuna mali. Wewe wa Tabora unaijua tumbaku. Hebu fikiria mnalima, inauzwa ng'ambo, na fedha inajenga viwanda mbali na kwenu mwaka hadi mwaka. Hicho ndicho walicholalamikia Wabengali kuhusu juti, zao lao la nyuzi. Uchaguzi wa Desemba 1970 ulipofika, chama cha Sheikh Mujibur Rahman, kiongozi wa Wabengali, kilipata viti 160 kati ya 162 vya mashariki. Bunge zima lilikuwa na viti 300 vya kuchaguliwa, kwa hiyo serikali ilikuwa yake. Hakupewa. Usiku wa 25 Machi 1971 jeshi la Pakistani liliingia Dhaka na kuua raia, eti kulinda usalama wa taifa. Watu wapatao milioni 10 walikimbilia India. Tarehe 16 Desemba jeshi hilo lilisalimu amri, na upande wa mashariki ukawa nchi ya Bangladesh.

Mimi hili silisomi vitabuni tu. Mwaka 1972 nilikuwa mtoto wa shule, na watu wa Burundi walikuwa wakishuka ufukweni kwa mitumbwi, wakikimbia mauaji ya kikabila. Mama mmoja alilala kwetu na wanawe wawili. Mama yangu alimsemesha Kiha, yeye akajibu Kirundi, wakaelewana bila mkalimani. Yeye na waliomfukuza walikuwa na lugha moja, na wengi wao walisali kanisa moja. Baadaye alihamishiwa Ulyankulu, huko huko mkoani kwenu. Tangu siku ile, mtu akiniambia dini au lugha moja inatosha kuwatuliza watu, moyo wangu hukataa. Na Suratul Hujurat, aya ya 13, inasema Mungu ametujaalia mataifa na makabila ili tujuane. Haikusema makabila yafutwe.

Sasa jirani yako. Gesi iligunduliwa Sui, katika Balochistan, jimbo la Pakistani wanakotoka Wabulushi, mwaka 1952, ikapelekwa kwa bomba Karachi, nje ya jimbo hilo. Quetta, mji mkuu wa Balochistan yenyewe, ulikaa miaka mingi bila gesi hiyo. Walionung'unika waliitwa wasaliti, baadhi wakashika bunduki, na hao nao wameua raia wasio na hatia, hilo silitetei. Mwaka 2010 katiba ilirekebishwa, majimbo yakaongezewa madaraka. Ilikuwa hatua njema iliyochelewa mno, na damu Balochistan haijakauka.

Kwanza mfuate jirani, umsikilize. Kisha muulize mzee wa kijiweni: kati ya aliyeshinda uchaguzi akanyimwa serikali na aliyempelekea vifaru, nani aliivunja nchi? Jibu lake niandikie.