Maswali na Majibu: Rais Anaposema, Nani Anatenda?

Swali: Kwa nini marais hupenda kusema "tumeamua" hata pale uamuzi unapokuwa wao peke yao?

Kiambishi "tu-" hakina mipaka. Msikilizaji hawezi kujua kama kinachozungumziwa ni baraza la mawaziri, chama au taifa zima, na utata huo ndio unaomfaa msemaji, kwa kuwa sifa ikija humwendea aliyeshika kipaza sauti, na lawama ikija hugawanywa kwa wote. Chukua hotuba yoyote, upigie mstari kila "tu-", kisha uulize inamhusu nani. Katika aya moja unaweza kukuta "tutajenga barabara", yaani serikali, na "tutafunga mikanda", yaani wewe.

Swali: Hotuba ya Mwalimu Nyerere ya Novemba 2, 1978 bado inanukuliwa. Ufundi wake uko wapi?

Majeshi ya Idi Amin yalikuwa yamevamia Kagera, na rais alikuwa anawaandaa wananchi kwa vita. Angeweza kusema "tuna uwezo wa kumpiga", na maana ingebaki ileile. Alisema: "Uwezo wa kumpiga tunao." Sababu na nia nazo akazitamka kwa umbo hilohilo. Jina linapotangulia na kitenzi kikasubiri nyuma, kila sentensi hutua kwenye silabi moja fupi, "-o" au "-yo", na sikio huishika bila msaada wa karatasi. Tena, sentensi hiyo haina kivumishi hata kimoja. Uwezo haukuitwa mkubwa wala nia haikuitwa thabiti.

Linalonivutia zaidi ni herufi moja, ile "-m-" ya "kumpiga". Hapo adui si nchi ya Uganda wala watu wake, bali ni mtu mmoja, na kwa herufi hiyo vita vya nchi mbili jirani vinasikika kama ugomvi na mvamizi mmoja anayejulikana kwa jina. Niseme pia, ili nisieleweke vibaya, kwamba umbo hili lingelisisimua sikio vilevile hata kama sababu zenyewe zisingekuwapo. Ndiyo maana sababu hupimwa kando na mdundo.

Swali: Je, kusema "makosa yalifanyika" ni kukiri?

Ni kukiri tendo na kumficha mtendaji. Januari 27, 1987, Ronald Reagan wa Marekani, akigusia sakata la kuiuzia Iran silaha, aliliambia Bunge la nchi yake kwamba makosa makubwa yalifanywa, bila kusema na nani. Kiswahili kina njia mbili za kukwepa hapo. "Yalifanywa" bado huacha mlango wazi, kwa kuwa msikilizaji anaweza kudakia: na nani? "Yalifanyika" huufunga kabisa, kwani sarufi sanifu haikubali "yalifanyika na waziri". Kosa linakuwa kama mvua iliyonyesha yenyewe. Reagan alirudi Machi 4 mwaka huohuo, akatamka kwamba anabeba dhamana ya matendo yake na ya serikali yake. Tofauti ya kauli hizo mbili ni nafsi ya kitenzi.

Swali: Hotuba fupi hushinda ndefu?

Si lazima. Ile ya Abraham Lincoln pale Gettysburg mwaka 1863 ina maneno takriban 270 tu, ilhali mzungumzaji aliyemtangulia alitumia kama saa mbili. Hata hivyo, kuwakalisha watu kwa saa nyingi ni njia mojawapo ya kuwaonyesha nani mkubwa.

Swali: Nguvu hutoka kwenye maneno au kwenye cheo?

Zipo sentensi zinazohitaji cheo tu. Rais mwenye mamlaka hayo akisema "namteua fulani", jambo limekwisha, hata akilisema kwa kigugumizi. Ushawishi huhitajika pale amri isipofika. Machi 1933 Franklin Roosevelt aliweza kuzifunga benki zote za Marekani kwa tangazo, lakini hakuweza kumwamuru mtu airudishe fedha aliyoificha nyumbani. Kwa hiyo Machi 12 aliingia redioni, akawaita wasikilizaji rafiki zake, akawaeleza kwa lugha nyepesi kwamba benki haifungii amana zao sandukuni bali huzikopesha. Benki zilipoanza kufunguliwa kesho yake, watu walipanga foleni kurudisha fedha zao.