Jibu: "Hon." mbele ya jina la wakili

Salamu ndugu. Umekwama kutafsiri wasifu wa wakili wa kesi za biashara wa London, mtoto wa Earl (cheo cha kikabaila cha Uingereza): kwa nini anaandikwa "Hon." (Honourable) na si "Lord", na hiyo hariri aliyoivaa ni nini.

Kwanza angalia cheo cha baba, na yeye ni mtoto wa ngapi. Watoto wa kiume wasio wa kwanza wa Duke au Marquess, vyeo vilivyo juu ya Earl, huitwa Lord; wa Earl huishia "Hon.", heshima ya kuzaliwa tu. Mimi niliwahi kuitafsiri "Mheshimiwa Jaji", mhariri akanirudishia kurasa zote, na alikuwa na haki. Mtazame Thomas Erskine, mtoto wa tatu wa Earl wa Buchan: alizaliwa Edinburgh 1750, ukoo mkubwa, pesa hamna. Akaenda baharini, kisha jeshini, ndipo 1778 akapokewa uwakili kupitia Lincoln's Inn, chama cha mawakili cha London. Ulodi aliupata mwenyewe 1806, alipofanywa Lord Chancellor, mkuu wa sheria serikalini.

Hariri (silk) ni joho la kitambaa hicho. Kuivaa ni kuteuliwa wakili mwandamizi wa Mfalme, au wa Malkia, kutegemea nani alitawala mwaka huo. Erskine aliteuliwa 1783.

Na ile "chambers" usiiandike kampuni, tafadhali. Kila wakili wa humo hujitegemea, wanachangia ofisi na makarani tu. Orodha maalumu ya kesi za biashara London ilianza 1895, kwa hiyo linganisha na miaka ya mtu wako. Sentensi inayokusumbua zaidi iweke hapa tuitazame.