Maswali na Majibu: Tozo ya Utafiti, Magugu Sugu na Ile Mbegu Bora Mnayoitafuta

Barua za wakulima wa nafaka zimerundikana tena. Nusu yake zinanung'unikia makato ya utafiti, na nusu nyingine zinataka nitaje mbegu bora. Nimechagua zinazojibika, na moja isiyojibika.

Swali: Kila nikiuza ngano nakatwa tozo ya utafiti, na sijawahi kumwona mtafiti shambani kwangu. Kwa nini isiwe hiari, anayetaka achange?

Kwa sababu ikiwa hiari utachanga wewe, jirani yako atatia mkono mfukoni na kuuacha humo, na matokeo mtayavuna wote wawili. Mwaka wa pili na wewe utaacha. Mfuko umekufa.

Ngano na shayiri hujichavusha zenyewe. Ukinunua mbegu ya aina mpya leo, msimu ujao unaweza kupanda ulizovuna mwenyewe na zikatoka vilevile. Mahindi chotara hayakubali hivyo: ukirudia mbegu mavuno yanashuka, kwa hiyo unarudi kwa muuzaji kila mwaka. Ndiyo maana kampuni za Marekani zilianza kumwaga fedha kwenye mahindi chotara tangu miaka ya 1930, huku ngano ikiachiwa serikali na vyuo kwa muda mrefu. Ukija kwenye mbinu za kilimo hali ni ngumu zaidi, maana hakuna awezaye kukuuzia tarehe ya kupanda. Mtu akigundua kwamba kuwahisha kupanda kunaongeza mavuno, habari itakuwa imezagaa kabla hajapata senti moja. Nani atagharamia ugunduzi kama huo, kama si ninyi mtakaoutumia?

Wakulima wa nafaka wa Australia wanalifanya hili tangu 1990 kupitia shirika lao la utafiti wa nafaka liitwalo GRDC. Kwa mazao yao mengi makato ni 0.99% ya thamani ya mauzo, yaani chini kidogo ya 10 katika kila 1,000. Serikali nayo huongeza sehemu yake, kwa ukomo wa 0.5% ya thamani ya mavuno yote ya nchi. Uingereza hukata kwa tani, utaratibu ulioanza 1965. Katika majimbo ya Alberta na Saskatchewan, Canada, mkulima akitaka anaomba arudishiwe makato yake, na wengi wao hawaombi.

Kuhusu mtafiti usiyemwona: umehudhuria siku ngapi za mashambani, zile za kuonyeshwa majaribio? Kule Birchip, jimbo la Victoria, Australia, wakulima walianzisha kikundi chao katika miaka ya 1990, wakaanza kufanya majaribio kwenye mashamba yao na kuwaita watafiti waje kwao. Hawakungoja kutembelewa. Mimi lawama yangu si kwamba mnakatwa. Lawama yangu ni kwamba mkishakatwa hamuulizi hela imefanya jaribio gani, wapi, na lile lililoshindwa limeandikwa kwenye ripoti ipi.

Swali: Mbegu gani ya ngano ni bora kuliko zote?

Kwa udongo gani, mvua kiasi gani, unapanda lini, na ugonjwa upi unakusumbua? Usiposema hayo, jibu ni lile la mara zote: hakuna.

Swali: Kwenye jedwali la majaribio, aina ya kwanza imetoa tani 4.6 kwa hekta na ya pili tani 4.4. Si nichukue ya kwanza tu?

Shusha macho mpaka chini ya jedwali. Pale kuna namba ndogo ambayo wengi mnairuka: tofauti ya chini kabisa inayoweza kuhesabiwa kuwa tofauti ya kweli. Kama imeandikwa 0.3, basi hizo aina mbili zimelingana, na kilichozitenganisha kinaweza kuwa kipande cha udongo tu. Hapo chagua kwa mambo mengine: ipi haianguki upepo ukivuma, ipi inastahimili ugonjwa wa kutu, ipi mnunuzi anaitaka. Tazama pia kama ni matokeo ya msimu mmoja au ya miaka kadhaa. Jaribio la mwaka mmoja linakueleza mwaka ule ulikuwaje.

Orodha ya aina inayotolewa Uingereza kwa fedha za tozo ina kitu ninachokipenda: kila aina inaonyeshwa mavuno yake ikiwa imepigwa dawa ya ukungu, na mavuno yake bila dawa. Pengo likiwa kubwa, jua unanunua mbegu pamoja na gharama za bomba la kupigia dawa. Kipeperushi cha muuza mbegu kitakupa safu ya kwanza tu, tena ya mahali alipong'ara.

Swali: Dawa ya magugu niliyoitumia miaka yote haiui tena. Imetoka dawa gani mpya?

Hilo ndilo swali ambalo muuza dawa anaomba uliulize.

Kwenye mashamba ya ngano ya Australia kuna gugu liitwalo raigrasi, ambalo limeshinda dawa za makundi mengi, kila kundi likiwa na namna yake ya kuua. Waliochoka kukimbizana na chupa mpya waliangalia upande mwingine kabisa: gugu lenyewe linafanya nini siku ya kuvuna? Wakaona kwamba ngano inapokauka, mbegu nyingi za raigrasi bado ziko kwenye suke, hazijapukutika. Kombaini, ile mashine ya kuvuna na kupura, inazikata pamoja na ngano, inazichambua kwa ustadi, kisha inazimwaga nyuma pamoja na makapi, zimetawanyika shamba zima. Kwa maneno mengine, mkulima anapanda magugu ya mwakani kwa mashine yake ya bei kubwa kuliko zote.

Ray Harrington, mkulima wa Darkan, Australia Magharibi, ndiye aliyefikiria kuzisaga mbegu hizo. Alichukua wazo la kinu cha kuvunjia makaa ya mawe, akakitengeneza kipokee makapi yanapotoka kwenye kombaini. Fedha za tozo zikaingia, watafiti wakapima, ikaonekana zaidi ya 90% ya mbegu za raigrasi zilizopita kwenye kinu zimeharibika kabisa. Mtambo wa mwanzo ulikuwa ukivutwa nyuma ya kombaini, baadaye kinu kikaingizwa ndani yake. Asiyemudu kinu ana njia nyepesi: anaelekeza makapi yote yaanguke kwenye mstari mmoja mwembamba, kisha anayaacha yaoze au anayachoma. Magugu yakiota, yanaota pale tu.

Ila kuna masharti, na hapa ndipo watu hukosea. Kata chini, kiasi cha sentimita 15, la sivyo masuke ya magugu yatabaki shambani yakikucheka. Usicheleweshe kuvuna. Na usitegemee njia hii kwa gugu linalopukutisha mapema kama shayiri mwitu; kombaini ikifika, mbegu zimeshaanguka. Jambo jingine: magugu hubadilika. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Australia Magharibi walikuwa wakichagua figili mwitu zinazowahi kutoa maua na kuzizalisha, kizazi baada ya kizazi. Baada ya vizazi 5, muda wa kufikia maua ulikuwa umepungua kwa takriban nusu. Gugu linalowahi kuchanua litawahi pia kupukutisha, na kinu chako kitasaga makapi matupu. Muuza vinu hakuelezi hilo.

Kwa hiyo changanya: badilisha mazao, panda mistari karibu ili ngano ifunike udongo haraka, tumia dawa za makundi tofauti, shughulikia mbegu wakati wa kuvuna. Dawa mpya peke yake itafuata njia ya ile ya zamani.

Swali: Sijaona kutu ya ngano kwangu kwa miaka mingi. Kwa nini bado wanateketeza hela kwenye kutu?

Hujaiona kwa sababu wanateketeza hela.

Mwaka 1998 ilionekana Uganda aina ya kutu ya shina iliyopewa jina la Ug99. Ilivunja nguvu ya jeni moja ya ukinzani, Sr31, ambayo ngano ya nchi nyingi ilikuwa ikiitegemea. Mwaka 2007 ilipatikana Iran. Tangu 2005, maelfu ya aina za ngano kutoka pande mbalimbali za dunia hupelekwa Njoro, Kenya, zikapandwa mahali ambapo kutu inaachwa ishambulie itakavyo, na zinazosimama ndizo zinazoendelea na safari. Australia nayo imepeleka zake, ingawa Ug99 haijaingia kwao, kwa sababu wanajua kutu ni ukungu, na mbegu zake huchukuliwa na upepo na kuvuka bahari. Zimewahi kuwafikia kutoka kusini mwa Afrika. Tena hawajasahau mlipuko wa 1973, uliofagia ngano ya kusini-mashariki mwa nchi yao.

Kazi ya namna hii haina uzinduzi wala kukata utepe. Matokeo yake mazuri kabisa ni kwamba hakuna kilichotokea, na ndiyo maana bodi inapobana matumizi, kutu ni rahisi kufutwa.

Na wewe una sehemu yako. Kutu ya ngano inahitaji mmea ulio hai ili ivuke kutoka msimu mmoja hadi mwingine. Ile ngano inayojiotea baada ya mavuno, unayoiona ni majani ya bure ya mifugo, ndiyo daraja lake. Iondoe kabla hujapanda.

Swali: Mvua yenyewe haba. Utafiti utanisaidia nini mtu ambaye tatizo lake ni mawingu?

Utakuonyesha kwanza kama tatizo ni mawingu kweli. Mwaka 1984, watafiti French na Schultz wa Australia Kusini walichapisha kipimo ambacho wakulima wanakitumia hadi leo. Chukua milimita za maji ambazo ngano ilipata msimu wote, toa 110 zinazopotea hasa kwa kukauka juu ya udongo, kisha zidisha kwa 20. Jibu ni kilo za nafaka kwa hekta ambazo zao lililotunzwa vizuri lingeweza kufikia. Maji yakiwa milimita 300, unapata 190 mara 20, yaani kilo 3,800. Wewe umevuna 2,000? Basi kilo 1,800 hazikuchukuliwa na mawingu.

Zilichukuliwa na nini? Mara nyingi ni magugu yaliyokunywa maji ya akiba kabla ya kupanda, nitrojeni haba, magonjwa ya mizizi kwa kurudia ngano juu ya ngano, au kuchelewa kupanda. Watafiti wamekirekebisha kipimo hicho baadaye, maana 110 haiwezi kufaa kila udongo. Kwa hiyo usikifanye msahafu. Kifanye cha kukuudhi kidogo kila baada ya mavuno.

Swali: Nilipiga mbolea mpya ya majani nusu ya shamba, nusu nikaacha. Nusu iliyopigwa imezidi. Si ushahidi huo?

Ni ushahidi kwamba nusu mbili za shamba lako hazifanani, na hilo ulilijua kabla ya kununua mbolea. Msimu ujao gawa shamba vipande virefu vya upana wa kombaini: piga, acha, piga, acha, angalau mara 4, na kura ndiyo iamue kipi kianze. Pima kila kipande peke yake. Kama vilivyopigwa vinashinda karibu kila jozi, niandikie. Kama vimeshinda jozi 2 kati ya 4, mwandikie aliyekuuzia.

Swali: Tukichoka na tozo, tunaweza kupiga kura iondolewe?

Inategemea sheria, lakini imewahi kutokea. Mapema mwaka 2021 wakulima wa viazi na wa mboga na matunda wa Uingereza walipiga kura kuiondoa tozo yao, na ikaondoka. Malalamiko yao hayakuwa ya kipuuzi: wengi walihisi wanalipia shirika lisilowasikiliza. Lakini tazameni wakati. CIPC, dawa iliyotegemewa kuzuia viazi visiote ghalani, ilikuwa imeondolewa sokoni mwaka mmoja tu kabla, na kituo cha utafiti wa kuhifadhi viazi cha Sutton Bridge kikafungwa. Swali la ghala likabaki kwa kila mkulima na mfuko wake. Wa nafaka wamebaki na tozo yao. Ningekuwa na kura ningeitumia kubadilisha wanaokaa kwenye bodi kabla ya kuuvunja mfuko wenyewe.

Swali: Kampuni kubwa zina maabara. Tuziachie.

Ziachieni, kisha msishangae kila jibu likija ndani ya chupa.

Swali: Nimesoma kwamba sasa ngano inaweza kuzalishwa vizazi 6 kwa mwaka. Mbona aina mpya bado inachukua kama miaka 10?

Ni kweli. Chuo Kikuu cha Queensland na wenzao walieleza mbinu hiyo mwaka 2018: mimea inawekwa ndani na kupewa mwanga saa 22 kwa siku, inachanua haraka na kutoa mbegu haraka. Inaokoa miaka ya mwanzo, ile ya kuchanganya wazazi na kuwatuliza watoto mpaka wafanane. Baada ya hapo taa hazisaidii. Aina lazima ipandwe nje sehemu nyingi, ikutane na ukame wa kweli, baridi inayoharibu maua, kutu ya mwaka huu na ya mwaka kesho, kisha isagwe na iokwe mkate. Ikivunja rekodi ya mavuno na unga wake ukatoa mkate usioumuka, inatupwa, na miaka yote hiyo imelipiwa.