Nianzie wizarani au Umoja wa Mataifa?

Mdogo wangu, umeuliza uanzie Wizara ya Mambo ya Nje au uombe moja kwa moja Umoja wa Mataifa. Mimi ningeanzia wizarani. Huko utafundishwa kuandika taarifa ya kikao usiku uleule, kurasa mbili tu: nani kasema nini, nani kanyamaza, sisi tufanyeje kesho. Hapo kwenye "nani kanyamaza" ndipo penye kazi yenyewe. Mfano ni Salim Ahmed Salim, mwanadiplomasia wa Tanzania: alikuwa balozi tangu 1964, akaja kuwa Katibu Mkuu wa OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, kuanzia 1989 hadi 2001. Ila angalia umri: mpango wa Umoja wa Mataifa wa wataalamu vijana haupokei aliyezidi miaka 32. Na Kifaransa anza leo, tafadhali.