Löyly: mvuke au roho?

SWALI: Shikamoo kaka, niko Ujiji hapa Kigoma, nimekutana na neno löyly la Wafini, watu wa Finland, ni mvuke tu au kuna zaidi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, aisee umegusa neno ninalolipenda sana. Kwa Wafini na majirani zao Wakarelia, löyly ni ule mvuke unaopanda ukimwagia maji mawe ya moto ndani ya sauna, kile chumba chao cha joto kali cha kujifukiza, yaani kata moja tu ya maji, mawe yanalia chwaaa, joto linakupanda mgongoni mpaka masikioni, kama vile bibi akikufunika blanketi ujifukize mwarobaini ukiwa na mafua. Ila zamani sana neno hili lilimaanisha pumzi, roho kabisa! Ushahidi uko kwa ndugu zake wa mbali, Wahungari wana lélek na mpaka leo kwao ni roho, wakati Waestonia wanasema leil, mvuke huohuo wa sauna. Mi naona inaingia akilini, maana mvuke ule huushiki ila unausikia mwilini, na hata kwetu mtu akiacha kupumua si tunasema amekata roho?