Kabla ya kutupa ndoano, tazama ukingo

Wadogo zangu mnaoanza kuvua Rufiji, huku chini upande wa Utete: mgeni akifika mtoni saa kumi na moja alfajiri, macho yote huwa majini. Kambare wanakula saa hiyo, mkono unamwasha. Lakini saa hiyohiyo viboko wanarudi kutoka malishoni, na hupita njia zao zilezile.

Njia ya kiboko ni kama mfereji ulioshuka ukingoni, nyasi zimelala, na katikati kuna tuta, maana miguu ya kila upande inachimba mstari wake. Tope likiwa bichi linang'aa, ameshashuka. Likiwa kavu, huenda bado yuko nyuma yako. Mwaka wangu wa kwanza niliketi mdomoni mwa njia hiyo kwa kuwa palikuwa peupe, pazuri pa kurushia mshipi. Mara nikasikia nyasi zikivunjika mgongoni. Niliacha mshipi, chambo na ndala moja. Kiboko hata hakunifukuza. Alitaka maji, nami nilikuwa nimemkalia mlangoni.

Mamba ndiye wa kuogopa zaidi, kwa sababu hasikiki. Usichote maji wala kuosha samaki mahali pamoja kila siku, atakuzoea. Matumbo ya samaki yafukie mbali na maji. Na ukimwona kenge anafukua mchanga wa ukingo mwishoni mwa kiangazi, zunguka: kenge hutafuta mayai ya mamba, na mama mwenye mayai hakai mbali.

Kukipambazuka, waachie ndege wakuongoze. Mdiria akisimama hewani anapiga mbawa mahali pamoja, chini yake pana vidagaa, na penye vidagaa wakubwa hawakosi. Furukombe mimi simfuati anakoruka. Naangalia chini ya mti anaopenda kulia chakula. Magamba na miiba ya pale hunieleza nini kinapatikana wiki hiyo.

Chambo hakina siri: nyambo, wale minyoo wa udongoni, kwa perege, utumbo wa kuku kwa kambare. Leseni iwe mfukoni, kokoro, ule wavu wa kukokota, lisahauni kabisa. Na mkipanda juu, jueni mpaka wa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyoanzishwa 2019. Ndani yake usivue bila kibali, hata kama samaki wanakurukia miguuni.

La mwisho ni samaki aitwaye ngogo. Ukimtoa majini analia, kakakaka, na mgeni humwonea huruma akamkamata kwa kiganja kizima. Ana miiba mitatu, mmoja mgongoni na miwili ubavuni, na akiisimamisha hailali kwa kusukumwa. Mshike kwa nyuma, vidole vipite chini ya miiba ya ubavuni, kisha ing'oe ndoano kwa koleo. Mimi nilijifunza kwa kidole gumba kilichovimba siku nne, na siku hizo nne hakuna mshipi niliofunga.